Hiyo "i" katika "handicraft" imetoka wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi ni kikundi cha akina mama hapa Wete, tunasuka mikeka na vikapu vya ukili. Tumepata mnunuzi wa nje, naye anataka kila bidhaa iwe na lebo ya Kiingereza. Kijana wa steshenari katushauri tuchape "Handicraft" juu ya karatasi ya kaki, ambayo kwenye boksi lake imeandikwa "Kraft". Mwenzetu mmoja anasema boksi limekosewa, ilitakiwa iwe "Craft". Mwingine anasema neno sahihi ni "handcraft", hiyo "i" ya katikati haina kazi. Na binti yangu aliye chuoni anasema "craft" ni neno la kudharau watu, tuandike "art". Nani yuko sahihi, na neno hili asili yake ni nini?

JIBU: Marahaba, na hongereni kwa kumpata mnunuzi. Nitangulize jibu la haraka, maana mchapaji hasubiri darasa. Boksi halikukosewa: "Kraft" yenye K ndilo jina la karatasi ile. "Handicraft" yenye "i" ndiyo inayotumika, ingawa anayetetea "handcraft" ana ushahidi wa kale kuliko anavyodhani mwenyewe. Na binti yako ana hoja, neno limewahi kutiwa dharau, ila dharau hiyo ni ya juzi ukiilinganisha na umri wa neno, na walioitia wanajulikana. Sasa tukae kitako.

Tuanze na karatasi. Mwaka 1879 mkemia Carl Dahl, aliyekuwa akifanya kazi Danzig, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Gdańsk, alipata njia mpya ya kuchemsha vipande vya mti kwa magadi makali yaliyochanganywa na chumvi za salfa. Harufu ya mchemsho huo ni ya mayai viza, lakini nyuzi za mti hutoka ndefu na imara, na karatasi yake haichaniki ovyo. Ndiyo maana mifuko ya saruji hutengenezwa kwayo. Wajerumani na Waswidi waliiita "kraft", na kwa lugha zao hilo ni neno la kila siku lenye maana moja tu: nguvu. Karatasi ya nguvu, basi. Hata kiwanda cha Mgololo kule Mufindi hutoa karatasi za aina hii, kwa hiyo si ajabu kuikuta steshenari ya Wete.

Lakini mwenzenu aliyeona undugu kati ya "kraft" na "craft" hakuona vibaya. Ni mtu na nduguye. Kijerumani "Kraft", Kiholanzi "kracht", Kiswidi "kraft" na Kiingereza "craft" yote yametoka katika neno moja la kale la watu wa kaskazini mwa Ulaya. Wote wengine wamebaki na maana ya nguvu. Mtambo wa kufua umeme kwa Kijerumani ni "Kraftwerk". Mwingereza peke yake ndiye aliyetoka kwenye nguvu akaenda kwenye ujuzi, na safari hiyo ndiyo iliyoleta ugomvi wenu wa lebo.

Katika Kiingereza cha kale, miaka elfu moja na zaidi iliyopita, neno liliandikwa "cræft". Lilikuwa na maana ya nguvu za mwili, ndiyo, lakini pia uwezo, akili, elimu, hata wema wa nafsi. Mfalme Alfred wa Wessex, aliyetawala kuanzia 871 hadi 899, anasifika kwa vitabu vya Kilatini alivyovitia katika lugha ya watu wake. Katika tafsiri iliyo na jina lake ya kitabu cha Boethius, mwanafalsafa wa Kirumi, palipo na neno la Kilatini "virtus", yaani fadhila, mara kadhaa utakuta "cræft". Tafakari hapo: neno ambalo leo tunalibandika kwenye kikapu cha watalii, mfalme alilitumia kwa wema unaomfanya mtu awe mtu.

Na lilizaa maneno mengi. Elimu ya nyota iliitwa "tungolcræft". Hesabu ilikuwa "rimcræft", sarufi "stæfcræft", utunzi wa mashairi "leothcræft", utabibu "læcecræft". Hakuna hata moja humo linalohusu mkeka, chungu wala jembe. Ndiyo sababu, walipotaka kusema ujuzi wa mtu anayefanya kazi kwa viganja vyake, iliwabidi wautaje mkono wenyewe: "handcræft". Mkono ulitiwa kwa sababu "craft" peke yake haikuwa na mkono ndani yake. Watu wengi hudhani kinyume chake, kwamba "craft" ni kazi ya mikono na "hand" imeongezwa kwa kusisitiza tu. Sivyo. "Craft" ni kujua. "Hand" inasema unajulia wapi.

Kwa hiyo anayetetea "handcraft" anatetea umbo la asili. Hiyo "i" imepenya vipi?

Imepenya kwa jirani. Kiingereza cha kale kilikuwa na kiambishi "ge-" kilichokaa mbele ya maneno chungu nzima, kama kilivyo mpaka leo katika Kijerumani. Kazi, au jumla ya kilichofanywa, iliitwa "geweorc", na kazi ya mkono "handgeweorc". Polepole ile "ge-" ililainika katika vinywa vya watu ikawa kama "ye", halafu "i", halafu katika maneno mengi ikapotea kabisa. Imeacha alama hapa na pale: neno "enough" lilikuwa "genog", na hiyo "e" ya mwanzo ndiyo mkia wa kile kiambishi, Mjerumani bado anasema "genug". Katika "handgeweorc" iligandia katikati, ikatoka "handiwork". Basi "i" ya "handiwork" ni yake kwa haki, ameirithi.

"Handcraft" haikuwa na urithi huo. Lakini watu waliosikia "handiwork" kila siku walidhani "handi-" ndiyo namna ya kuunganisha mkono na neno jingine, na kufikia miaka ya 1200 wakaipachika kwa jirani yake: "handicraft". Wasomi wa lugha huita jambo hili ulinganishi, na sisi Waswahili hatuwezi kuwacheka Waingereza, maana tumefanya lile lile. "Kitabu" limetoka kwa Waarabu, na "ki" yake ni sehemu ya mzizi, si kiambishi cha ngeli. Tulisikia "ki", tukakumbuka kiti na kikapu, tukasema "vitabu" bila kumuuliza mtu. Nani leo atasimama aturudishe nyuma? Na hiyo "i" nayo imekaa miaka mia nane. Iacheni. "Handcraft" haijafa, utaikuta hasa kama kitenzi, na kutoka humo "handcrafted", ambayo nitairudia kwenye suala la lebo.

Sasa suala la dharau, ambalo ndilo gumu na ndilo tamu.

Mwaka 1066 Wanormandi walivuka bahari wakaiteka Uingereza. Kwa karne kadhaa baada ya hapo, ikulu, mahakama na vyuo vilizungumza Kifaransa na kuandika Kilatini. Maneno ya wageni yakaanza kuchukua vyumba vya juu vya nyumba. "Force" na "power" yakaingia upande wa nguvu. Upande wa elimu, "tungolcræft" ikaondoka ikaja "astronomy", "rimcræft" ikapisha "arithmetic", "stæfcræft" ikapisha "grammar", utabibu ukawa "medicine". Na "art" likaja kutoka Kifaransa, wakati huo likiwa na maana ya ujuzi wowote, pamoja na ule wa vyuoni. "Craft" haikufukuzwa. Iliachiwa tu vyumba vya chini: kazi za wahunzi, waashi, waokaji mikate, washonaji.

Jambo hili tunalishuhudia kwetu. "Fundi" lilikuwa neno pana sana, la ukoo mmoja na "kufunda" na "mwanafunzi". Ninyi wa visiwani mnajua kwamba hata kiongozi wa ngoma za pepo huitwa fundi. Leo anayejenga daraja ni injinia, anayechora ni msanii, anayetengeneza kompyuta ni mtaalamu wa IT, na "fundi" amebaki na bomba lililoziba na cherehani. Ujuzi wake haujapungua hata chembe. Wengine tu wamejipa majina mapya wakahama.

Chumba kimoja cha giza pia kilibaki na "craft". Uchawi uliitwa "wiccecræft", na hilo halikupata mgeni wa kulipokonya nafasi. "Witchcraft" iko mpaka leo. Na "crafty", ambalo zamani lilikuwa sifa ya mtu mwenye nguvu au stadi, katika karne za kati likageuka kuwa mjanja, mtu wa hila. Hapa nadhani hatuhitaji maelezo marefu. Tukisema fulani ni fundi wa maneno, nani hufikiri tunamsifu?

Hata hivyo, chumba cha chini hakikuwa cha aibu. Katika miji ya Uingereza ya karne za kati vyama vya mafundi, ambavyo navyo viliitwa "crafts", vilikuwa na fedha, majengo na sauti katika uendeshaji wa mji. Kule York, mafundi ndio walioonyesha barabarani michezo ya kuigiza kutoka Biblia, kila chama na sehemu yake: waunda meli walionyesha ujenzi wa safina ya Nuhu, na waokaji mikate karamu ya mwisho. Kijana aliingia kama mwanagenzi, na sheria ya mwaka 1563 ililazimisha uanagenzi wa miaka saba kabla ya mtu kuruhusiwa kufanya kazi ya ufundi kwa jina lake. Akimaliza alikuwa "journeyman". Wengi hulisoma neno hilo wakamwona msafiri, lakini "journée" kwa Kifaransa ni siku nzima, kutwa; alikuwa mtu wa kulipwa kwa kutwa, kibarua kwa lugha yetu. Kisha, akitaka kuwa fundi mkuu, alipaswa kutengeneza kazi moja ya kuhitimu, iwekwe mezani, wakubwa waipindue juu chini. Hiyo ndiyo "masterpiece" ya asili. Ulikuwa mtihani wa kiwandani, na makumbusho haikuhusika.

Najua ninyi mna mtihani wa namna hiyo, japo hauna jina la fahari. Bibi akiletewa ukili na msichana anayejifunza hatazami rangi kwanza. Anaugeuza upande wa chini aone pale jani lilipoishia na jipya likapachikwa juu yake: kama kichwa cha jani kinachomoza, au pale ukili umenenepa, anajua mkono bado haujakomaa. Halafu anauvuta kidogo aone kama umekazwa sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho, maana ukili uliolegea katikati utaukunja mkeka mzima siku ya kuushona. Mjuzi hupachika jani huku anazungumza na jirani. Cræft ya Alfred ndiyo hiyo, nguvu ya vidole na kujua kwa pamoja, na ukitaka kuzitenganisha huwezi.

Waliotia dharau ni nani, basi? Kwanza ni wachoraji. Mwaka 1768 ilianzishwa London taasisi ya kifalme ya sanaa, Royal Academy, na wachoraji, wachongaji na wasanifu majengo walitaka watambulike kama watu wa akili, si watu wa mkono. Haukupita muda mrefu wakapitisha kwamba kazi za sindano, maua ya kutengeneza, karatasi za kukatwa na mapambo ya makombe ya baharini hayatakubaliwa katika maonyesho yao. Angalia zilizokataliwa: karibu zote zilikuwa kazi za wanawake nyumbani. Kuanzia hapo "art" na "craft", yaliyokuwa majirani, yakajengewa ukuta. Kwa hiyo binti yako amepokea fununu ya kweli kuhusu ukuta ule. Ninachokataa ni wazo kwamba dharau imo ndani ya neno. Imo katika mlango wa London, na nani alizuiwa asiupite.

Pili ni mashine. Na hapa lipo neno jingine ambalo kwangu ndilo lenye kisa cha kuchekesha kuliko yote: "manufacture". Kwa Kilatini "manu" ni kwa mkono, na "factura" ni utengenezaji. Lilipoingia Kiingereza katika karne ya 16 lilikuwa na maana hiyo hiyo, kutengeneza kwa mkono. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 bado inamweleza "manufacturer" kuwa ni mfanyakazi, fundi. Miaka themanini baadaye, viwanda vya pamba vya Manchester vikiwa vinanguruma kwa mvuke, daktari wa Kiskoti Andrew Ure, mpenzi mkubwa wa mashine, aliandika mwaka 1835 kwamba neno hili limegeuka likawa kinyume cha asili yake: sasa ni kitu kilichotengenezwa na mashine, na kadiri mkono wa mtu unavyokosekana ndivyo "manufacture" inavyokamilika. Aliyasema hayo kwa furaha. Wafumaji wa mkono, ambao ujira wao ulikuwa unaporomoka mwaka hadi mwaka, hawakuwa na furaha hiyo.

Mkono umejificha katika maneno mengine mengi ya Kiingereza. "Manure", yaani mbolea, ni pacha wa "manoeuvre", na asili yao ni kufanya kazi kwa mkono, kwa maana ya kulima. Kilimo kikaishia kwenye samadi. Na daktari wa upasuaji, "surgeon", ametoka kwa Wagiriki: "kheir" ni mkono, "ergon" ni kazi. Mfanyakazi wa mkono, basi. Kule London wapasuaji na vinyozi walikuwa chama kimoja kuanzia 1540 mpaka walipoachana mwaka 1745, na hadi leo mpasuaji wa Uingereza huitwa "Mister" badala ya "Doctor", na wengi wao huona fahari kuitwa hivyo. Ukiambiwa kazi ya mikono ni ya watu wasiosoma, mtaje huyo.

Mashine zilipozidi, baadhi ya Waingereza walianza kuukumbuka mkono. Maarufu wao ni William Morris, aliyezaliwa 1834 akafa 1896, mtoto wa tajiri aliyeamua kujifunza kufuma, kutia rangi na kuchapa vitambaa mwenyewe. Alipokuwa akijaribu rangi ya nili mikono yake ilibaki bluu siku nyingi. Zulia lake la kwanza la kutundika ukutani lilimchukua zaidi ya saa 500, kitanda cha kufumia kikiwa chumbani mwake. Mwaka 1887 wenzake walipounda chama cha maonyesho, mtengeneza majalada ya vitabu T. J. Cobden-Sanderson alipendekeza jina "Arts and Crafts", na harakati nzima ikabeba jina hilo. "Na" hiyo ya katikati ilikuwa ndiyo hoja yao: viwili hivi viwe pamoja tena. Nina heshima nao, ila kuna jambo walilolijua na likawauma: kitu kinachochukua saa mia tano hakiwezi kuwa na bei ya mtu wa kawaida. Morris, aliyekuwa msoshalisti, aliishia kuwapambia nyumba matajiri na akalalamika hivyo mwenyewe. Ninyi mnaopatana bei na mnunuzi wa nje mnaielewa hesabu hiyo kuliko mimi.

Karne ya 20 neno liliendelea kupanda na kushuka. New York ilifunguliwa makumbusho ya "crafts" mwaka 1956. Ilipofika 2002 wakaliondoa neno hilo kwenye jina wakaweka sanaa na usanifu. Chuo kimoja cha California kilichoitwa cha "Arts and Crafts" nacho kiliacha "Crafts" mwaka 2003. Waliona neno linawashusha. Na miaka hiyo hiyo, upande wa pili wa barabara, watengenezaji wadogo wa bia, mniwie radhi kwa mfano, walikuwa wakilibandika "craft" kwenye chupa ili wauze kwa bei ya juu. Neno ni moja na nchi ni moja.

Kabla hatujarudi kwenye lebo, kidogo kuhusu "art" na "sanaa", kwa kuwa binti yako ameligusa. Sisi tunapotafsiri "art" tunasema sanaa, lakini sanaa kwa asili ni neno la Kiarabu la utengenezaji na ufundi. Waulizeni jamaa zenu walioko Maskati: "sinaa" kwao leo ni viwanda. Mzizi mmoja, kwetu umekwenda kwa wachoraji na waimbaji, kwao umekwenda kwa mitambo. Na umesafiri mbali zaidi. Mahali pa kuundia meli Waarabu waliita "dar as-sinaa", nyumba ya sanaa; mabaharia wa Italia wakalichukua, Venice wakajenga karakana yao kubwa ya meli wakaiita Arsenale, na Kiingereza kikapata "arsenal", ghala na karakana ya silaha. Wafanyakazi wa karakana kama hiyo, pale Woolwich, waliunda timu ya mpira mwaka 1886. Kwa hiyo yule kijana wa steshenari, kama ni shabiki wa Arsenal, jezi yake inasema Nyumba ya Sanaa.

Sasa lebo. "Handicraft" ni jina la kazi au la aina ya bidhaa, na wingi wake "handicrafts" unafaa juu ya mlango wa duka au kichwa cha orodha ya bei. Kwa kipande kimoja cha karatasi kinachoning'inia kwenye mkeka mmoja, ni neno pana mno. Halimwambii mnunuzi chochote ambacho macho yake hayajaona. "Handcrafted" ni tamu masikioni, lakini watu wa matangazo wameitumia vibaya mpaka kwenye mikate ya kiwandani, na wanunuzi wajuzi wameanza kuikunjia uso. "Handmade" ni kavu ila ina uzito. Kule Marekani tume ya serikali inayosimamia biashara ina mwongozo kwa wauza vito: kitu kisiitwe "handmade" mpaka uundaji wake wote, kuanzia mali ghafi hadi mapambo, uwe umefanywa kwa mkono au kwa vifaa ambavyo mkono wa fundi unaviongoza kipande kwa kipande. Mwongozo huo ni wa vito, hauhusu mikeka, lakini unaonyesha neno lipi watu wa sheria wanaliona kuwa ni ahadi. Mikeka yenu ingeupita bila wasiwasi, tangu kuchana miyaa mpaka kushona ukili.

Mimi ningetaja kitendo chenyewe. Kiswahili kinatofautisha kusuka na kufuma, na Kiingereza pia: "weave" kwa ukali wake ni kufuma kwenye kitanda cha mfumi, na kusuka ukili ni "plait". Basi "Hand-plaited palm leaf, Pemba" ndiyo sahihi kabisa. Mkiona "plait" inawakumbusha wageni nywele, andikeni "Handwoven". Soko limelizoea kwa mikeka na vikapu, wala hamtakuwa mmedanganya. "Art" msiandike. Si kwa kuwa hamstahili, ila mnunuzi wa mikeka anayeona "art" huanza kuuliza jina la msanii na kama atautundika au ataukalia, na ninyi mnataka aukalie.

Na msije mkashtuka siku ya kujaza fomu ya kusafirisha mzigo. Katika utaratibu wa kimataifa wa namba za forodha, bidhaa za kusuka zimo katika sura ya 46, na kichwa cha sura hiyo kwa Kiingereza kinaanza na "Manufactures of straw". Ni lile neno la Ure, ila hapo halijali kama ni mashine au mkono. Mikeka iingizeni 4601, vikapu 4602, na mzigo ukiwa na vyote viwili viandikwe mistari miwili tofauti, kila mmoja na uzito wake na bei yake.